Bi Mwanamize Agoma Kustaftahi

Siku ya kumi na mbili, Bi Mwanamize alilisukuma bakuli la uji wa shayiri kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayesogeza kesi isiyomhusu.

"Umeshiba, Mama?" aliuliza Shahad, mke wa mwanawe, aliyesimama na sare yake nyeupe ya unesi wa shule, mkoba begani na ufunguo wa gari mkononi.

"Alhamdulillahi."

"Hujala hata kijiko."

"Nimeshiba kwa kuutazama."

Theodora, mfanyakazi wa nyumba hiyo, aliyekuwa mlangoni mwa jiko, alijikuna shavu ili kicheko kisimtoke. Kucheka kungemgharimu. Katika nyumba hii ya Mawaleh, Maskati, bibi asipokula huulizwa mpishi, na mpishi ndiye yeye. Mfuaji pia ndiye yeye, mpiga pasi ndiye yeye, na mkumbushaji wa dawa ndiye yeye. Vyeo vinne, mshahara mmoja.

Shahad akatoa simu na kuupiga picha ule uji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila asubuhi: kupiga picha sahani ya mama mkwe na kuituma kwenye kundi la familia. Huko mawifi zake watatu, mmoja Nizwa, mmoja Sohar na mmoja Dar es Salaam, walikuwa wakisubiri kuona sahani imerudi vipi. Wa Nizwa alituma sura inayolia. Wa Sohar aliuliza kama huyo mtumishi anajua kupika kweli. Wa Dar alituma sauti ya dakika tatu ambayo hakuna aliyeisikiliza.

Jambo lenyewe lilikuwa linatatiza. Mchana bibi alikula vizuri. Usiku alikula vizuri, na mfupa akaunyonya. Asubuhi tu ndipo mdomo ulipofungwa. Mayai aliyakataa. Mkate wa kuoka aliukataa. Konfleksi alizitazama akasema hayo maranda wampelekee seremala. Na dawa yake ya sukari haitaki tumbo tupu, kwa hiyo kila siku ilipofika saa nne mikono ilianza kumtetemeka, na Theodora akakimbia na tende.

Shahad alimfuata Theodora jikoni. Alifungua friji kwanza, akaikagua. Tangu arudi kwenye semina ya usalama wa chakula, wiki mbili zilizopita, alikuwa na amri moja: kilichobaki mezani usiku kiende kwenye pipa la taka usiku huohuo. Friji ilikuwa nyeupe na tupu kama siku ilipotoka dukani.

"Theodora, mkataba wako unaisha tarehe thelathini."

"Najua, Madam."

"Wallahi sina ugomvi na wewe. Unafanya kazi vizuri. Lakini nimeongea na ofisi, wana msichana amekaa na wazee miaka sita, anajua vyakula vya wagonjwa. Mama akianza kula, tunaandika miaka mingine miwili. Asipokula, khalas. Nikufanyie nini?"

"Madam, nimempikia kila kitu."

"Basi mpikie kisicho kila kitu."

Akaondoka. Theodora alibaki na bakuli la uji mkononi. Leo ni tarehe nane. Binti yake Evodia yuko kidato cha pili huko Bukoba, na miaka miwili ndiyo hasa iliyobaki mpaka amalize. Mungu, alisema moyoni, umepanga hesabu vizuri, sasa mfungue huyu mama mdomo.

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki. Murshid, mtoto wa Bi Mwanamize, aliomba ruhusa ya asubuhi kwenye benki yake ya Ruwi ili ampeleke mama yake kupimwa damu. Theodora alikaa kiti cha nyuma na mkoba wa dawa. Damu ikatolewa, wakaanza kurudi, na walipokaribia Ghala, mtaa wa magereji, taa nyekundu ikawaka kwenye gari na moshi ukatoka mbele kama ubani.

Fundi wa gereji alifungua boneti, akatikisa kichwa kwa namna ambayo mafundi wa dunia nzima wamefundishana.

"Saa moja," alisema.

"Saa yako au saa yangu?" aliuliza Murshid.

Fundi akacheka, na hilo lilikuwa jibu. Wakati huohuo Theodora aliona kijasho kimemtoka Bi Mwanamize juu ya mdomo na vidole vimeanza kucheza. Akamtia tende mdomoni.

"Baba, Bibi lazima ale sasa hivi. Si baadaye."

Murshid, ambaye benki anatuliza wateja kumi kwa siku, alichanganyikiwa kabisa. Akazunguka kushoto, akazunguka kulia. Kati ya duka la matairi na la wakata vioo palikuwa na mlango wa kijani, na mbele yake magari sita yamepanga, yanapiga honi. Ndiyo kawaida ya Maskati: mtu ana njaa lakini hataki kushuka, anapiga honi mpaka aletewe chakula dirishani. Juu ya mlango kibao kilisema kwa Kiarabu: Chakula cha Asubuhi cha Meksiko.

"Meksiko?" alisema Bi Mwanamize. "Si ndiko wanakovaa kofia kama ungo?"

"Mama, twende tu."

"Naenda. Nataka nimuone huyo mwenye ungo."

Hapakuwa na ungo. Palikuwa na mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, nywele kasuka mikia miwili minene, aproni ya maua, jina lake Eulalia. Alikuwa ameolewa na Mwomani na alikuwa anapika peke yake. Alimtazama Bi Mwanamize mara moja tu, jasho na mikono, hakuuliza kitu. Alivuta kiti chenye mto, akamkalisha, na kabla Murshid hajamaliza kusoma orodha ya vyakula sahani ilikuwa imeshafika.

Sasa hebu tuitazame sahani hiyo, maana ndiyo iliyofanya yote. Vipande vya mkate mwembamba wa mahindi, vimekaangwa, kisha vikatumbukizwa kwenye rojo la nyanya na pilipili mpaka vikalegea kingoni na kubaki vikavu kidogo katikati. Juu yake yai la kukaanga, jibini nyeupe iliyopukutishwa na pete za vitunguu. Pembeni maharage meusi yaliyopondwa na kurudishwa kwenye mafuta. Murshid alisoma jina kwa shida: chilakile.

"Mama, ina pilipili. Ngoja niagize yai tu—"

Bi Mwanamize alikuwa ameshainamia sahani. Alinusa. Akanusa tena, macho yamefumba. Halafu akaweka kijiko kando, akala kwa mkono.

Honi zililia nje. Murshid alikuwa ameshika simu, akaisahau. Bibi alikula kingo, akala katikati, akala yai, akafuta rojo kwa kipande cha mwisho, akafuta na pale palipokwisha kufutwa.

"Mwanangu," alisema, "agiza nyingine."

"Taratibu, Mama."

"Taratibu nimekwenda siku kumi na mbili. Agiza."

Murshid akaagiza. Kisha akaenda nje kidogo, eti kumuangalia fundi, lakini Theodora alimuona kupitia kioo akifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Theodora hakuwa na nafasi ya kulia. Aliinuka akaenda kwenye kaunta. Kiarabu cha Eulalia kilikuwa cha jikoni, na cha Theodora kilikuwa cha jikoni pia, ila majiko yalikuwa tofauti. Walisaidiana kwa mikono.

"Huu mkate, unafanyaje?" aliuliza Theodora.

Eulalia alionyesha sufuria. Mahindi, maji, na unga mweupe anaoutia wakati wa kuchemsha. Theodora akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Bibi, wanachemsha mahindi na chokaa!"

"Chokaa?" Bi Mwanamize alijibu kutoka mezani. "Chokaa ya tambuu?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Basi bibi yangu mie alikuwa Mmeksiko, na hakutwambia."

Lakini Theodora alitaka jambo jingine. Kulikuwa na vikapu viwili vya mikate ile. Cha kwanza kilifunikwa kitambaa na mvuke ulikuwa unatoka. Cha pili kilikuwa wazi, mikate yake imejikunja kingoni kama majani makavu. Na Eulalia alikuwa anachota kwenye kikapu cha pili tu.

Theodora akauelekezea kidole mkate wa moto. Kwa nini si huu?

Eulalia alicheka. Aliuchana, akautumbukiza kwenye rojo, akauinua. Ukakatika, ukaanguka, ukawa ugali. Akachukua ule mkavu, akautumbukiza, akauinua. Ukasimama.

"Wa leo, mafi zein," alisema, akitikisa kidole kuwa haufai. Kisha akaupiga kofi kwa mapenzi ule mkavu. "Wa jana, zein. Zein sana."

"Kiporo!" alisema Theodora kwa Kiswahili, peke yake. Akageuka kumtazama Bi Mwanamize. Bibi, aliyekuwa na masikio mazuri kuliko miguu, aliinamia sahani ya pili ghafla, kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa mahakamani.

Murshid alilipa riyali mbili na nusu kwa kila sahani. "Bei si mbaya," alisema.

Shahad alipopata picha ya sahani tupu alifurahi, halafu akaumia. Furaha ilikuwa ya nesi, maumivu yalikuwa ya mke wa mwana. Siku kumi na mbili jikoni kwake hakupatikana kitu, na huko Ghala, kati ya matairi, mwanamke mgeni amefanikiwa kwa dakika kumi. Wifi wa Sohar, kwa wema wake, aliandika: "Kumbe Mama anakula akipikiwa vizuri."

Ijumaa Shahad akaingia jikoni mwenyewe. Alinunua mikate laini ya mahindi ya pakiti, nyanya, jibini na pilipili. Theodora alijaribu.

"Madam, tungeiacha hii mikate mpaka kesho ikakauka—"

"Mpaka kesho? Nimpe Mama mkate mkavu? Theodora, mimi nataka kumpa kitu freshi."

Akapika. Akaungua vidole viwili. Mikate ilipoona rojo ikakata tamaa, na kilichofika mezani kilikuwa uji mwekundu wenye yai juu. Bi Mwanamize alikula vijiko vitatu vya heshima. Cha nne hakikupanda.

"Alhamdulillahi. Mungu akubariki mikono yako."

Shahad aliinua sahani. Alisimama mbele ya pipa la taka, mgongo kwa watu, akikwangua kwa muda mrefu kuliko chakula kilichokuwemo. Hakupiga picha.

Alasiri ya kesho yake Theodora alimpelekea bibi chai chumbani, akafunga mlango kwa kisigino.

"Bibi, nikuulize kitu bila kunipiga?"

"Uliza. Nitakupiga baadaye."

"Zamani chapati za usiku zikibaki, asubuhi nilikuwa nakuta zimepungua. Na mchuzi pia. Nikadhani ni Baba. Nilimsema sana Baba moyoni."

"Mwombe radhi."

"Ni wewe, Bibi. Ukishasali alfajiri unaingia jikoni, unakula kiporo chako, unarudi kulala. Ndiyo maana hukuwa unatetemeka."

"Punguza sauti!" Bi Mwanamize alitazama dirisha, akatazama mlango. Kisha mabega yakamshuka, na uso ukalegea kama wa mtu aliyevua viatu vinavyombana. "Mwiku. Kwetu twaita mwiku. Hicho kiporo cha kwenu bara kina baridi hata kukitaja."

"Haya, mwiku."

"Chapati iliyolala, Dora. Na mchuzi wa nguru uliolala, ukaingiana na ndimu yake usiku kucha. Mie tangu mtoto nastaftahi hivyo. Marehemu babake Murshid alikuwa ananiachia kichwa cha samaki makusudi. Hawa wananipa shayiri. Mie punda?"

"Sasa si umwambie Madam akuachie kidogo?"

"Wee!" Bibi alishtuka kweli. "Nimwambie mke wa mwanangu nataka mabaki? Masouda wa mlango wa pili akisikia, kabla ya adhuhuri Mawaleh nzima imejua. Murshid ana cheo benki, mamake anakula makombo! Mwana ataweka wapi uso? Bora nife na njaa yangu, naye abaki na jina lake."

"Na mimi nirudi Bukoba."

Bi Mwanamize akamtazama. Hilo la mkataba hakuna aliyemwambia. Theodora akamweleza kwa maneno machache, bila kulia, kama anayeeleza bei ya vitunguu.

Bibi alikunywa chai yote, akakiweka kikombe chini.

"Utanifichia?"

"Nitakufichia."

"Niapie husemi. Hata kwa Murshid."

"Naapa kwa Bikira Maria."

"Huyo nasi twamjua," alisema Bi Mwanamize. "Inatosha."

Mpango ulikuwa mwepesi. Usiku, kabla Shahad hajaja kukagua friji, Theodora aliweka chapati mbili na mchuzi kwenye bakuli, akafunika, akalipeleka chumbani kwake, chini ya kiyoyozi, mahali penye baridi kuliko pote. Alfajiri bibi alipata mwiku wake. Saa moja, mezani, uji wa shayiri uliwekwa mbele yake, na Shahad alipoinama kufunga viatu au kutafuta ufunguo, bakuli lilikwenda jikoni likiwa limejaa na kurudi tupu. Aliyelimaliza ni Theodora.

Siku sita picha za bakuli tupu zilikwenda kwenye kundi. Wifi wa Nizwa alituma maua. Mikono ya bibi ilitulia. Theodora naye, kwa shayiri, ndizi na asali ya kila siku, alianza kuwa na mashavu, na gauni la kazi likaanza kulalamika kiunoni.

"Umependeza, Theodora," Shahad alimwambia siku moja, kwa furaha. "Naona wewe na Mama mmepona pamoja."

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi, hakuna kazi wala shule. Shahad aliamka mapema. Alichukua karatasi za mkataba, miaka miwili, kalamu juu yake, akaenda mwenyewe mpaka chumbani kwa Theodora, maana habari njema alitaka kuipeleka kwa mguu wake. Aligonga, akafungua. Theodora alikuwa amepiga magoti mbele ya kiyoyozi, bakuli mkononi.

"Hii nini?"

"Chapati, Madam."

"Naona chapati. Na samaki. Kwa nini iko chumbani kwako, chini ya kitambaa?"

Theodora akalishusha bakuli magotini.

"Kwani sisi tunakunyima chakula?" Sauti ya Shahad haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi kwake mwenyewe. "Nimewahi kukupimia? Nimewahi kukuambia hiki kula, hiki acha?"

"Hapana, Madam."

"Mgeni akiona atasema nini? Atasema kwa Murshid mtumishi anashinda na njaa mpaka anaficha chapati! Sema kitu!"

"Siwezi, Madam."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeapa."

Murshid alitokea ukumbini na fulana na kikoi, mswaki mdomoni, akaelezwa. Alitazama chapati, akamtazama Theodora. "Labda alikuwa na njaa," alisema.

"Njaa? Mtazame alivyonenepa!"

Na kweli, Theodora alikuwa amenenepa, hapo hapakuwa na la kujitetea. Shahad akazikunja zile karatasi mara mbili. "Ofisi inafunguliwa kesho," alisema, na sasa macho yake yalikuwa na maji. "Mimi nilikuja na kalamu, Theodora. Nilikuja na kalamu."

Theodora aliliweka bakuli juu ya kitanda, akafuta mikono kwenye gauni. Alimfikiria Evodia, akamfikiria Bikira Maria, na akaona kuwa kati ya hao wawili hawezi kumdanganya yeyote. Akanyamaza.

Chumba cha Bi Mwanamize kilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Alikuwa amekaa kitandani anasubiri chakula chake, na alisikia neno kwa neno. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua tano. Alikaa akizifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyofikiria kukubali posa. Angetoka, jina la mwana limekwisha. Angebaki, msichana wa watu amekwisha. Halafu tumbo lake likanguruma, na kwa kuwa lilikuwa na umri sawa na wake, alilisikiliza.

"Hiyo chapati ni yangu," alisema, akiwa mlangoni.

Wote wakageuka.

"Mama, rudi ukapumzike," alisema Murshid.

"Nirudi nikale nini? Chakula changu mmekishika nyie."

"Chako?" aliuliza Shahad.

"Changu. Na cha jana, na cha juzi. Mie nakula mwiku, Shahad. Nala mwiku tangu sijaota meno, na kwenye nyumba hii nimeula miaka kumi na moja, mkiwa mmelala, mpaka uliporudi na semina yako ukanimwagia kwenye pipa. Huyu mtoto nimemwapisha mie. Mkimfukuza, mnifukuze na mie, tukakae gereji Ghala."

Mswaki ulimtoka Murshid mdomoni. "Mama! Kwa nini hukusema?"

"Niseme mama wa Murshid anataka makombo? Masouda akutangaze?"

"Mama, mimi nimeungua vidole Ijumaa," alisema Shahad, polepole.

"Najua, mwanangu. Niliviona. Chakula chako hakikuwa na kosa ila moja, hukukiacha kilale." Bi Mwanamize alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Theodora, bakuli pembeni yake. "Siku ile sikusema kwa aibu. Lakini nimekaa nikafikiri. Yule mama wa Meksiko anachukua mkate wa jana, mkavu, mbele za watu. Haufichi. Anauza riyali mbili na nusu sahani, watu na magari yao wanampigia honi. Na wewe Murshid, mtu wa benki, ulilipa ukasema bei si mbaya! Basi kama mwiku wa Wameksiko una bei, wangu mie una aibu gani?"

Murshid aliinama kuokota mswaki wake.

"Na ule uji?" Shahad aliuliza. "Siku sita bakuli lilikuwa tupu. Nani alikuwa anakula uji?"

Wote watatu wakalitazama gauni la Theodora.

"Ulikuwa mtamu, Madam," alisema Theodora.

"Msikilize," alisema Bi Mwanamize. "Uji umepata mmoja wa kuusifu."

Shahad alitaka kukasirika. Alijitahidi. Lakini kicheko kilimpanda kutoka mahali asipopajua, kikamtoka puani kwanza, halafu kwa mdomo, mpaka akashika ukuta. Kilipokwisha, unesi ukamrudia ghafla. Akalishika bakuli, akanusa.

"Samaki amelala nje usiku kucha? Siku sita? Ya Rabbi! Tumbo lako liko wapi, Mama?"

"Liko palepale. Linakusubiri umalize."

Alikimbia akaleta mashine ya sukari, akamchoma bibi kidole. Wakasubiri, vichwa vinne juu ya kioo kidogo. Sita nukta nane: sukari imetulia. Shahad akatazama namba ile kama mtu aliyeshindwa kesi na jaji ni ndugu yake.

"Sawa," alisema. "Mwiku utakuwepo. Lakini kwa masharti. Ndani ya friji, si chini ya kiyoyozi. Umefunikwa. Na asubuhi mchuzi unachemshwa mpaka ufuke moshi."

"Ukiuchemsha utauamsha."

"Mama, na uamke."

Bi Mwanamize alipima. "Chapati haichemshwi."

"Chapati haichemshwi," Shahad alikubali.

Mchuzi ukachemshwa. Walikula pale pale jikoni, bila kuandaa meza. Murshid aliona mama yake anavyochana chapati iliyolala, ngumu kidogo, na kuikandamiza kwenye mchuzi mpaka ikanywa. Akajaribu kipande. Akajaribu cha pili.

"Masouda akisema?" aliuliza bibi, akimtazama kwa pembe ya jicho.

"Aseme," alijibu Murshid, mdomo umejaa. "Akija, mtoze riyali mbili na nusu."

Shahad alizikunjua zile karatasi juu ya meza ya kukatia vitunguu, akazinyoosha kwa kiganja. Mikunjo haikutoka. "Hapa," alisema, "na hapa." Theodora alitia sahihi sehemu mbili kwa mkono uliokuwa na mafuta, na doa la manjano likabaki pembeni ya jina lake, safi kabisa, kama muhuri. Kisha akaomba dakika tano, akaenda chumbani kwake, akapiga magoti palepale mbele ya kiyoyozi, safari hii bila bakuli.

Jioni Theodora alipika chapati kumi na mbili na nguru wa nazi. Murshid alirudi kutoka msikitini na njaa, akala tatu, akala ya nne, akaanza kusimulia mambo ya benki huku mkono wake ukitembea wenyewe kuelekea sahani ya katikati, ambako zilikuwa zimebaki mbili.

Shahad aliupiga mkono ule kofi.

"Acha," alisema. "Hizo za kesho."